Risala ya wataalamu na wanafunzi wa maabara ya patholojia kwa mgeni rasmi, Siku ya Saratani Duniani, 4 Februari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Ndugu Mganga Mfawidhi,
Wakuu wa idara na vitengo,
Viongozi wetu wa dini, walezi wetu na wanahabari,
Ndugu zetu wagonjwa na familia mlioitikia mwaliko,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, kwa kutujalia uhai na afya hata tukakutana hapa leo. Pili tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na nzito ukaja kuketi nasi katika ukumbi huu wenye joto. Tunajua ulikuwa na mialiko mingine kwa siku ya leo. Kuja kwako kumetupa moyo sana. Karibu, ujisikie upo nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chama chetu kinaunganisha madaktari bingwa wa patholojia, yaani fani ya kutambua magonjwa kwa kuchunguza nyama ya mwili, wataalamu wa maabara, wahudumu, na wanafunzi wanaofanya mafunzo kwa vitendo hapa hospitalini. Kilianza na watu wachache waliokuwa wakichangiana chai na sukari. Leo kina katiba, akaunti ya benki na viongozi wanaochaguliwa. Kitengo chenyewe kilianza na hadubini moja iliyowekwa dirishani ili ipate mwanga wa jua, kikapita katika mikono ya viongozi mbalimbali, na sasa kinapokea vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa mwilini mwa wagonjwa ili vipimwe, kutoka wilaya zote za mkoa wetu na mikoa jirani. Historia ni ndefu, lakini kwa kuheshimu muda wako tunaishia hapo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumepunguza muda wa mgonjwa kusubiri majibu ya kinyama. Wenzetu wamepata nafasi ya kusomea ubingwa wa patholojia, fani ambayo katika nchi nyingi za Afrika haina hata daktari mmoja kwa kila watu milioni moja. Tumepeleka elimu ya madhara ya tumbaku katika shule za sekondari, tukiwaonyesha vijana pafu la mvutaji katika picha kubwa, na walimu wametuandikia kuomba turudi. Wanafunzi wetu walitengeneza bango la kitaalamu kuhusu saratani ya mapafu, likabandikwa kwenye kongamano na kusifiwa mbele ya wataalamu wa kimataifa. Meza ya hadubini tumeikarabati kwa nguvu zetu wenyewe. Na kila Alhamisi daktari wa kifua, daktari wa mionzi na daktari wa patholojia huketi meza moja kumjadili mgonjwa mmoja mmoja, kikao ambacho tunaamini kinafaa kuigwa na hospitali nyingine nchini.

Kila mwaka katika siku hii tunamchagua mtafiti mmoja na kuwasomea vijana wetu maisha yake ya kazi. Mwaka huu tumemchagua Daktari Oscar Auerbach wa Marekani, mtaalamu wa patholojia ya mapafu. Tunaomba utuvumilie kidogo tumweleze, kwa sababu ombi letu la leo linatoka katika kazi yake.

Auerbach alizaliwa mwaka 1905 na akahitimu udaktari New York mwaka 1929. Miaka yake ya mwanzo aliitumia katika hospitali ya Sea View, Staten Island, iliyokuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakati dawa ya kuponya TB bado haijapatikana. Kazi yake ilikuwa kufungua vifua vya waliofariki na kuyasoma mapafu yao. Wengi wetu humu tumefundwa kwa njia hiyo hiyo: tumeanza kulijua pafu kupitia TB, saratani ikaja baadaye. Kisha akahamia hospitali ya askari wastaafu ya East Orange, New Jersey, na hapo ndipo alipoifanya kazi iliyobadili dunia.

Katika miaka ya 1950, akishirikiana na E. Cuyler Hammond, mtakwimu wa shirika la saratani la Marekani, alichukua mirija ya hewa ya watu waliofariki, akaikata vipande vyembamba, akaviweka kwenye maelfu ya slaidi na kuzisoma moja baada ya nyingine. Slaidi zilipewa namba ili anayesoma asijue kama mwenye pafu hili alikuwa mvutaji au la. Alichokiona kilitisha. Utando wa ndani wa mirija, ule wenye vinyweleo vya kusukuma makohozi yatoke, kwa wavutaji ulikuwa umepoteza vinyweleo vyake; seli zimerundikana tabaka juu ya tabaka, viini vyake vimeharibika umbo. Kadiri mtu alivyokuwa amevuta zaidi, ndivyo uharibifu ulivyozidi, na waliofariki kwa saratani ya mapafu ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa takwimu, mwaka 1950, kwamba wavutaji wanaugua zaidi. Auerbach akaionyesha njia ambayo ugonjwa unapita ndani ya nyama yenyewe. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya Januari 1964 kuhusu sigara na afya ilizitumia kazi zake. Mwaka 1970 wakatangaza, yeye na Hammond, matokeo ya utafiti wa mbwa 86, ambao baadhi yao walivutishwa sigara wakapata saratani ya mapafu, na kampuni za tumbaku zikawashambulia kwa nguvu. Hakurudi nyuma. Alifariki Januari 1997 akiwa na umri wa miaka 92.

Lakini Mheshimiwa, sehemu ya maisha yake inayotugusa zaidi ni ya mwaka 1979. Mwaka huo alichapisha utafiti uliolinganisha mirija ya wanaume waliofariki kati ya 1955 na 1960 na ya wale waliofariki kati ya 1970 na 1977. Slaidi za miaka yote hiyo zilichanganywa pamoja, zikasomwa bila msomaji kujua ipi ni ya lini. Aliona kwamba uharibifu ulikuwa umepungua katika kundi la pili, akauhusisha na kupungua kwa lami, ule utomvu mweusi wa moshi wa tumbaku, katika sigara za wakati huo. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezekani kabisa pale ambapo nyama ya miaka 20 iliyopita haikutunzwa. Mtafiti wa patholojia, maisha yake ya kazi yamo kabatini. Kabati likiharibika, hakuna utafiti wa kuusema.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye ombi letu.

Kwa ajili ya wageni wasio wa fani, tunaomba tueleze. Mgonjwa wa kifua anapochukuliwa kinyama cha pafu, kipande kinachopatikana mara nyingi hakizidi punje ya mchele. Kinazamishwa kwenye formalini ili kisioze, kinakaushwa maji kwa spiriti, kisha kinafunikwa kwa nta ya moto ya parafini ambayo ikipoa inakuwa ngumu. Kipande hicho cha nta chenye nyama ndani yake ndicho tunachokiita bloku. Mtaalamu anaikata bloku kwa mashine maalumu, vipande vyembamba vya maikroni 4 hivi, yaani sehemu 4 za elfu moja za milimita, anavipaka rangi ya bluu na ya waridi, na daktari anavisoma kwenye hadubini. Majibu yakitoka, bloku haitupwi. Ubavuni mwake kuna namba iliyoandikwa kwa penseli, na nyama iliyobaki ndani yake inaweza kupimwa tena mwakani, au baada ya miaka 30.

Zamani jambo hili lilikuwa la watafiti tu. Siku hizi ni la mgonjwa mwenyewe. Saratani ya mapafu inaongoza kwa vifo vya saratani duniani. Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 1.8. Tulipokuwa wanafunzi, daktari aliweza kuandika kwamba hii ni saratani ya seli ndogo au siyo ya seli ndogo, na jibu likatosha. Halitoshi tena. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko katika jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa EGFR, na kwamba hao ndio wanaonufaika na dawa ya vidonge inayolenga jeni hiyo. Waligundua kwa kupima nyama ya uvimbe ya wagonjwa iliyokuwa imehifadhiwa. Mwaka 2007 Wajapani wakagundua mabadiliko ya jeni nyingine, ALK, nayo leo ina vidonge vyake. Tangu mwaka 2015, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka hata kinyama kidogo cha sindano kipambanuliwe aina yake kwa vipimo vya ziada, na nyama itunzwe vizuri kwa ajili ya vipimo vya jeni. Vipimo vyote hivyo vinafanywa kwenye bloku. Mgonjwa asiye na bloku nzuri anarudi kuchomwa sindano ya kifua, kama bado ana nguvu za kuivumilia.

Bloku hutunza pia mambo ambayo aliyezitengeneza hakuyafikiria. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa bloku ya tezi ya mama mmoja iliyochukuliwa mwaka 1960 katika mji ambao leo ni Kinshasa. Ilikuwa imekaa katika stoo ya patholojia ya chuo kikuu cha huko, na ndani yake vikakutwa virusi vya UKIMWI, miaka 20 na zaidi kabla dunia haijaujua ugonjwa huo. Bloku hiyo ikasaidia kukadiria kwamba virusi hivyo vilianza kusambaa kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Imetoka hapa hapa Afrika, Mheshimiwa, kwenye joto kama letu, kwa sababu kuna watu waliona umuhimu wa kuitunza. Na kutoka pafu la mtoto aliyefariki Berlin mwaka 1912, lililotunzwa ndani ya formalini, wanasayansi waliweza kusoma virusi vya surua zaidi ya miaka 100 baadaye.

Sasa tunaomba kwa heshima tukueleze hali ya stoo yetu.

Stoo ipo nyuma ya jengo la kufulia. Imeezekwa kwa bati, haina dari. Ina dirisha moja, na wavu wake umechanika. Makabati ya chuma yalijaa zamani, kwa hiyo bloku nyingi zimo ndani ya maboksi ya glavu na maboksi ya dripu, yamepangwa sakafuni hadi usawa wa kifua. Masika maji yanapita chini ya mlango na maboksi ya chini yanaloa. Kiangazi, mchana wa Februari kama huu, bloku za rafu ya juu zinabonyea kwa kidole gumba. Nta inalainika, bloku inashikana na jirani yake, na unapozitenganisha kona inabaki huku na nyama inabaki kule. Mende na panya wanatafuna kilichobaki. Mhudumu wetu anaweka sumu kila wiki kwa fedha za chama.

Alikuja kijana mmoja, anatafuta bloku ya mama yake. Mama huyo hakuwahi kushika sigara maishani. Amepika kwa kuni tangu utotoni. Alikohoa, akaanzishiwa dawa za TB kwa sababu picha ya kifua ilifanana na TB, akazimeza miezi kadhaa bila nafuu, mpaka kinyama kilipochukuliwa na daktari wetu akaona adenokasinoma, aina ya saratani ya mapafu. Ukoo ukachanga, akapelekwa India. Madaktari wa kule wakasema wasimtese tena, iletwe bloku wapime EGFR. Kijana akasimama kwenye dirisha letu na barua mkononi. Tulitafuta siku nzima. Tulichokipata kilikuwa kimeshikana na bloku nyingine mbili, kona moja imeliwa, na namba ya penseli imefutika nusu. Hakuna mtaalamu anayeweza kuweka sahihi chini ya bloku ya namna hiyo na kusema ni ya fulani. Mama alichomwa sindano upya, ugenini, akiwa amechoka sana.

Kisa kama hiki si kimoja. Tumekichagua kwa sababu kijana mwenyewe aliturudia na kutuomba tukiseme mbele ya kiongozi yeyote atakayetusikiliza.

Na kuna hasara nyingine ambayo haina mtu wa kusimama dirishani. Daktari wetu bingwa amekuwa akiandika kwenye daftari lake kila saratani ya mapafu aliyoisoma hapa: umri, jinsia, kazi, kama mtu alivuta, kama alipika kwa kuni au mkaa, kama aliwahi kufanya kazi migodini. Anataka kujua kwa nini akina mama wasiovuta wanaugua, na kama jeni zao zinafanana na zile zilizoonekana kwa Wajapani na Wamarekani. Mengi yanayojulikana duniani kuhusu jeni za saratani hii yametoka kwenye mapafu ya watu wa huko. Ya kwetu hayajapimwa vya kutosha. Daftari lipo, limejaa. Kila mwaka sehemu ya bloku zinazolingana na mistari ya daftari hilo inaharibika, na atakapostaafu, kijana atakayempokea atarithi majina yasiyo na nyama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si jipya, na tunaona ni heshima kwako kukuambia ukweli huo mapema. Huko nyuma, katika sherehe kama hii, mgeni rasmi wa wakati huo alituahidi kwamba jengo la stoo lingeanza kabla ya masika. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Wakaja watu wa vipimo, wakapigilia vigingi na kumwaga chokaa. Vigingi vipo mpaka leo, na kamba za kuanikia mashuka ya wodi zimefungwa hapo. Mgeni rasmi aliyemfuata alituahidi viyoyozi viwili na akaandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe kwenye kitabu cha wageni. Ukurasa huo tumeutunza, na tutaomba uusome. Baada yake tulielekezwa tuandike andiko la mradi. Tukaandika. Tukaambiwa tubadilishe muundo. Tukabadilisha. Tukaambiwa mwaka wa fedha umekwisha, tusubiri unaofuata. Tumesubiri.

Hatumlaumu mtu. Tunajua viongozi wana mengi, na tunajua wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji navyo vinalilia fedha hizo hizo. Lakini ahadi ni deni, na wanaosubiri deni hili lilipwe ni wagonjwa ambao muda wao ni mfupi kuliko mwaka wa fedha. Wanachama wetu wapya, vijana wa juzi, wameanza kutuuliza kwa nini tunaendelea kuandika risala. Tunapata shida kuwajibu, na tunakuomba utusaidie kuwajibu.

Tunachokiomba ni chumba kimoja cha kutunzia bloku na slaidi, penye vile vile vigingi. Kiwe na dari inayozuia joto, sakafu iliyoinuliwa juu ya maji ya masika, na mlango na madirisha yasiyopitisha panya. Kiwe na viyoyozi viwili vya kupokezana, kwa sababu kimoja kikiharibika Januari hatutakuwa na muda wa kusubiri fundi, na viunganishwe kwenye jenereta ya hospitali. Ndani yawepo makabati ya chuma yenye droo fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya bloku, pamoja na kompyuta moja ya rejista, ili kijana akija na barua apewe bloku ya mama yake siku hiyo hiyo. Endapo ujenzi utaonekana kuwa mrefu, tutapokea kwa shukrani kontena la futi 40 lililotengenezwa vizuri ndani na kuwekewa ubaridi. Mchoro na makadirio ya gharama, vilivyopitiwa na mhandisi, vimeambatanishwa na nakala ya risala hii.

Mahitaji mengine tunayo mengi: mashine ya kuchakata tishu imechakaa, kemikali za vipimo vya ziada zinatuishia, daktari bingwa ni mmoja. Tumekubaliana kwenye kikao tusiyaombe leo. Tumeona ni afadhali tuombe jambo moja lifanyike kuliko tuombe kumi tukarudi nayo yote mwakani.

Kwa upande wetu, wanachama wamekwisha kuchanga saruji, na ipo stoo ya hospitali kwa stakabadhi. Wanafunzi wamejitolea kuzipanga upya bloku zote na kuziingiza kwenye rejista wakati wa likizo, bila posho. Daktari wetu ameahidi kuwa daftari lake litakuwa mali ya kitengo, liwafae watafiti wanaokuja.

Mheshimiwa, tunaomba pia kwa unyenyekevu kwamba neno utakalolitamka leo liambatane na tarehe, na litaje ofisi itakayolifuatilia, ili katibu wetu ajue mlango wa kugonga. Kama hali ya fedha hairuhusu mwaka huu, tuambie hivyo bila kuona haya. Jibu hilo tutalipokea kwa heshima, tutalipeleka kwa wanachama, na tutaanza kugonga milango mingine mapema, kabla ya masika.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya hotuba yako tunakwenda kwenye chakula. Tumeiomba kamati itenge nafasi kabla ya hapo ili upite stooni ujionee mwenyewe. Ni hatua chache kutoka hapa, na ufunguo anao mhudumu wetu aliyesimama pale mlangoni.

Tunakutakia afya njema, wewe na familia yako, na kila la heri katika majukumu yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya maandalizi, kwa niaba ya wanachama wote.